Mgeni njoo, mwenyeji apone: yoti mbovu na bandari zetu

Tunaziona kila mwaka. Boti nyeupe za tanga zenye mlingoti mmoja au miwili, bendera ya nchi ya mbali ikipepea tezini, zimetia nanga Kilifi, Mtwapa, Shela au Mombasa. Sisi Wapwani huziita yoti, na wengi wetu tukiziona husema hao ni matajiri waliokuja kustarehe. Wengine ni kweli. Lakini ukisogea na ngalawa ukawaamkia, aghalabu utasikia habari nyingine. Kuna kitu kimekatika, au kimepasuka, au injini imezima, na wametia nanga hapo kwa sababu hawawezi kuendelea.

Swali lililonisukuma kuandika makala haya niliulizwa mbali kabisa na bahari. Mimi nina stashahada ya ufundi wa mitambo, na kazi hunipeleka kokote yenye mkate. Mwaka jana nilikuwa Leparua, kaunti ya Isiolo, kwa kazi ya pampu ya kisima. Gari letu likavunjika springi, tukakaa siku mbili kivulini tukingoja kifaa kutoka Isiolo mjini. Wenyeji walituletea chai ya maziwa, Mungu awalipe. Mzee mmoja akaniuliza: “Fundi, huku gari likifa mtu hutembea mpaka barabarani. Nyinyi watu wa bahari, chombo kikiwafia katikati ya maji, mnatembea kwenda wapi?”

Nikamjibu, “Mzee wangu, hatutembei. Tunamuomba Mola upepo, kisha tunatafuta bandari yenye fundi.”

Hilo lilikuwa jibu la kwenye kivuli. Jibu kamili ni refu zaidi, na linatuhusu sisi kuliko linavyowahusu wenye yoti.

Kwa nini chombo kizuri huharibika

Yoti nyingi zinazofika kwetu hutoka Shelisheli. Kutoka Mahé hadi Mombasa ni takriban maili 950 za bahari, yaani kama kilomita 1,750. Yoti ya kawaida huenda maili 5 kwa saa. Piga hesabu: ni saa 190, siku nane mchana na usiku bila kupumzika. Sasa fikiria gari linalokwenda siku nane mfululizo juu ya matuta, huku likimwagiwa maji ya chumvi. Hata likiwa jipya, lazima kitu kilegee.

Vinavyoharibika havina siri. Tanga huchomwa na jua mpaka uzi wa mshono unakatika wenyewe. Waya zinazoshikilia mlingoti huchakaa kwa kuvutwa huku na huku, nyuzi zake zikakatika mmoja mmoja, na siku waya ikikatika yote, mlingoti huweza kuanguka. Usukani hulegea. Batri hufa, na taa na redio hufa nazo. Chini ya chombo huota majani na wadudu wenye magamba, mpaka mwendo unapungua kama mtu aliyefungwa gunia miguuni.

Injini ndiyo hunipa kazi mimi. Injini ya yoti hupozwa kwa maji ya bahari yanayovutwa na pampu ndogo yenye gurudumu la mpira. Mpira ule ukikatika, au sili ikianza kuvuja, injini hupata moto dakika chache tu. Na dizeli iliyokaa kwenye tangi miezi mingi hufanya uchafu. Bahari ikichafuka, uchafu ule hutibuka ukaziba chujio, na injini huzima wakati ule ule ambao nahodha anaihitaji zaidi.

Mwenye yoti hubeba vipuri, lakini hawezi kubeba kila kitu. Kwa hiyo kila anapopanga safari hujiuliza: bandari ipi mbele yangu nitapata mahali salama, nitapata fundi, na nitapata neno la kweli? Haya matatu ndiyo kipimo chake. Uzuri wa mchanga huja baadaye.

Pepo hazimngoji mtu

Mzee yeyote wa majahazi anaijua kalenda hii. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Kusi huanza Aprili, hupata nguvu Juni na Julai, kisha hulegea Septemba na Oktoba. Babu zetu walikwenda na kurudi Arabuni kwa pepo hizi mbili, na yoti za leo, pamoja na mitambo yao ya satelaiti, bado zinazitii.

Chukua yoti iliyoingia Kilifi mwezi wa Februari, inataka kwenda kusini Unguja na Madagaska. Fundi akisema kazi ni wiki mbili na ikawa wiki mbili, itaondoka na kaskazi mgongoni. Wiki mbili zikigeuka saba, kaskazi imekwisha. Sasa nahodha ana njia mbili: apigane na kusi pamoja na mkondo wa maji unaopanda kaskazini, au akae kwetu mpaka upepo ugeuke tena, miezi sita au zaidi. “Kesho” yetu moja baada ya nyingine humla mtu nusu mwaka wa maisha yake.

Hata hivyo, kwa hesabu ya upepo sisi tuna bahati kubwa. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni msimu wa tufani katika Bahari ya Hindi ya kusini. Morisi, Madagaska na Mayotte hukaa roho juu. Tarehe 14 Desemba 2024 tufani Chido iliipiga Mayotte, ikaharibu nyumba na vyombo vingi vilivyokuwa vimetia nanga huko. Sisi tuko karibu na ikweta, na tufani hutufikia kwa nadra. Si kwamba hazifiki kabisa: Unguja ilipigwa vibaya mwaka 1872, na Mei 2024 tufani Hidaya ilifika karibu na Mafia ikiwa imepungua nguvu. Lakini nahodha anayetafuta pa kuficha chombo miezi hiyo, hori za Kilifi na Mtwapa ni nyumba salama. Ukishapita mlango wa mwamba, mkono wa bahari unaingia ndani, mawimbi yanabaki nje.

Gudi la bure

Meli kubwa ikitengenezwa chini huingizwa kwenye gudi, na Mombasa ipo huduma hiyo. Yoti ndogo hupandishwa pwani kwa mashine au toroli, kama inavyofanywa kwenye karakana ya boti ya Kilifi. Lakini iko njia ya tatu, ile ya wazee wetu, nayo ni maji kupwa na kujaa.

Mombasa, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita tatu. Morisi haifiki hata mita moja. Fundi wa Morisi hawezi kungoja bahari imwachie chombo kikavu. Wetu anaweza, na mwezi humpa nafasi hiyo mara mbili, bamvua ya mwezi mwandamo na bamvua ya mwezi mpevu.

Kazi hufanywa hivi. Chombo huletwa pwani maji yakiwa yamejaa, mahali penye mchanga mgumu usio na mawe. Hufungwa kamba, na ubavuni huwekwa magadi ili kisilale. Maji yakipwa, chombo hubaki kimesimama juu ya mkuku wake. Kwetu bamvua huwa na tabia moja ya msaada mkubwa: maji hupwa kabisa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, si usiku wa manane tu. Kwa hiyo fundi ana mwanga na ana muda wa kukwangua, kupaka rangi, kubadilisha sili ya shafti au kuziba ufa, kabla maji hayajarudi mchana.

Iko hadhari moja ambayo kila kijana anayetaka kazi hii aishike. Usipweleze chombo siku ambayo bamvua imefika kilele. Maji ya kesho yatakuwa madogo kuliko ya leo, na huenda yasikifikie chombo cha watu. Kitakaa hapo mpaka bamvua ijayo, wiki mbili, mwenyewe akikutazama. Kipweleze siku moja au mbili kabla ya kilele, ili maji yanayofuata yawe makubwa zaidi.

Mikono ndiyo hupungua

Historia ya pwani hii ina mfano mmoja ninaoukumbuka mara nyingi. Mwanzoni mwa mwaka 1498, kabla hajafika Mombasa na Malindi, Vasco da Gama alikaa kama mwezi mmoja kwenye mto wa Quelimane, Msumbiji ya leo. Alisafisha meli zake chini, akatengeneza mlingoti, huku mabaharia wake wakiugua kiseyeye. Alipokuwa akirudi kutoka Bara Hindi, Januari 1499, aliichoma moto meli yake mwenyewe, São Rafael, karibu na Mtangata, pwani ya Tanga. Aliichoma kwa sababu mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha meli zote. Mbao zilikuwapo. Mikono ndiyo haikuwapo.

Nasi tuangalie mikono yetu. Matondoni, kisiwani Lamu, bado yuko fundi anayejenga jahazi kwa macho, bila mchoro, taruma baada ya taruma. Bado wako wanaojua kukalafati, kuingiza pamba yenye mafuta kati ya mbao mpaka chombo kisinywe maji. Lakini wengi wao ni wazee, na mbao nzuri kama mbambakofi si rahisi kupatikana. Kijana akiona baba yake anangoja kazi miezi mitatu, huenda zake kuendesha bodaboda. Siwezi kumlaumu.

Wengine huniambia: yoti za kisasa ni za faiba, ufundi wa mbao utasaidia nini? Jibu liko Lamu hapo hapo. Mwaka 2018 mafundi chini ya uongozi wa Ali Skanda walishusha majini Flipflopi, jahazi la mita tisa lililojengwa kwa tani kumi hivi za plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, na kuvishwa rangi za kandambili zilizotupwa. Mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja, mwendo wa kilomita 500. Mbao zilikuwa plastiki, ila macho na mkono ulikuwa ule ule wa fundi wa majahazi. Anayejua chombo hubeba uzito wapi na hupindika wapi, kumfundisha faiba si kazi ngumu.

Faiba yenyewe inataka uvumilivu kuliko nguvu. Sehemu mbovu hukatwa mpaka ufike penye uzima. Huoshwa kwa maji baridi kuondoa chumvi, kisha huachwa ikauke vizuri, hata kama ni siku kadhaa. Ndipo hupakwa gundi yake na vitambaa vya kioo, tabaka juu ya tabaka, kisha ikapigwa msasa. Ukipaka juu ya unyevu, itaonekana nzuri leo na itabanduka safarini. Ndiyo maana kazi hii hufaa kaskazi, si wakati wa masika.

Na si lazima kila kitu kitoke Ulaya. Mombasa imejaa mafundi wanaohudumia malori yanayokwenda Uganda na Kongo. Beringi, mikanda, mipira ya maji na sili nyingi zinafanana kwa kipimo. Mafundi wa kukereza vyuma wapo. Mwaka mmoja nilikuta yoti ya mume na mke wazee, imekaa wiki tano kwenye hori moja kaskazini mwa Mombasa. Dalali aliyewapokea, ambaye simtaji, aliwaambia lazima waagize pampu nzima kutoka nje, na alikuwa keshachukua pesa ya kuifuatilia. Nikaifungua. Shafti ilikuwa imelika upande mmoja, basi. Nikaipeleka mjini ikakerezwa mpya, nikanunua beringi mbili na sili, na siku ya tatu injini ilinguruma. Walifurahi, lakini kaskazi ilikuwa imekwisha kuwaacha. Na watu wa yoti huzungumza. Bandari iliyomdhulumu mmoja, kumi wengine huisikia kabla hawajang’oa nanga Shelisheli.

Makaratasi na usalama

Yoti ikiingia kutoka nchi nyingine hupandisha bendera ya manjano. Maana yake: tumefika, hatujakaguliwa. Nahodha hupita kwa watu wa afya, uhamiaji na forodha, kisha huiteremsha. Tangu Januari 2024 Kenya iliacha viza ikaleta idhini ya safari ya kielektroniki, nayo huombwa kwenye intaneti kabla ya kuondoka.

Vipi aliyeharibikiwa ghafla? Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1989, unakubali chombo kinachopita kusimama na kutia nanga pale kinapopatwa na dharura au hatari. Mkataba huo huo unataka waliomo hatarini baharini wasaidiwe. Hiyo haimuondolei nahodha wajibu wa kujitambulisha. Ila mvuvi akimwona mgeni amekwama mwambani amsaidie kwanza, na maofisa wajulishwe. Sisi Waislamu wala hatuhitaji mkataba kutufundisha hili. Msafiri aliyekatikiwa na njia, ibn sabil, ametajwa miongoni mwa mafungu manane ya wanaostahiki zaka, hata kama kwao ni tajiri.

Habari ya usalama nayo ilitutia hasara kubwa. Oktoba 2009 maharamia wa Kisomali waliwateka Waingereza wawili, mume na mke, waliotoka Shelisheli na yoti yao wakielekea Tanzania. Waliachiwa Novemba 2010. Mwaka 2011 yakaja matukio ya utekaji wageni upande wa Lamu. Yoti zikatukimbia miaka mingi. Tarehe 1 Januari 2023 mashirika ya meli ya dunia yaliondoa alama ya eneo la hatari kubwa katika Bahari ya Hindi. Kisha kuanzia Novemba 2023 meli zikaanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, na wenye yoti wengi waliokuwa wapite Suez wakageuza kuzunguka Afrika Kusini. Anayezunguka huko anaweza kupitia kwetu, na anaweza kupitia Morisi na Réunion moja kwa moja hadi Durban. Atachagua kwa kile alichosikia juu yetu.

Neno na bei

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta desturi. Vijana walitoka na mashua kuilaki meli, wamebeba chakula, na kila mfanyabiashara aliyeshuka alichukuliwa na mwenyeji wake. Mwenyeji yule ndiye aliyemsimamia kuuza na kununua, na aliyemdhulumu mgeni biashara yake haikutambuliwa. Leo kazi ile tumempa dalali, tukasahau kwamba mwenyeji alikuwa pia mdhamini.

Mimi ninapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalongoja serikali.

Kwanza, kila BMU kwenye hori zinazopokea yoti iwe na ubao wenye majina ya mafundi wake: wa mbao, faiba, injini, umeme, na mshonaji wa tanga. Mgeni akifika aongee na fundi mwenyewe, na fundi naye asiliwe jasho lake katikati.

Pili, bei iandikwe kabla ya kazi. Vifaa mbali, ufundi mbali. Chukua malipo ya vifaa kwanza, ufundi uchukue nusu, na nusu baada ya chombo kujaribiwa. Mgeni hutozwa zaidi kidogo, najua, lakini kidogo si mara kumi.

Tatu, tarehe iwe tarehe. Inshallah ni neno zito. Anayelitamka amemtaja Mwenyezi Mungu juu ya ahadi yake. Tumelifanya kichaka cha kujificha. Kama kazi ni wiki nne, sema wiki nne, mgeni apange na upepo wake. Hatakasirika. Hukasirika akiambiwa kesho mara ishirini.

Nne, vijana wafungwe na wazee. Fundi mmoja wa jahazi, kijana mmoja aliyesomea injini au umeme, na mmoja wa faiba, wakifanya kazi kwa kundi, yoti nzima hutengenezwa bila kutoka hapo pwani. Vyuo vyetu vya ufundi vinatoa vijana kila mwaka. Wengi hawajawahi kupanda hata mashua.

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Yoti moja ikikaa mwezi, hula samaki wa mvuvi, mboga za mama wa sokoni, maji, dizeli, tuktuk, mshonaji na fundi. Pesa hiyo haipiti hotelini wala kwa kampuni ya utalii. Hutoka mkononi kwa nahodha ikaingia mkononi kwa mwenyeji. Bandari mpya ya Lamu iliyoanza kupokea meli Mei 2021 ni ya makontena, na wengi tunaitazama hiyo tu. Kwenye hori yako, hata hivyo, huenda asubuhi hii pameingia yoti yenye tanga lililochanika. Chukua ngalawa, nenda ukawaamkie, uwaulize kimeharibika nini. Na kama hukijui, wapeleke kwa anayekijua.